Kutoka Kaole Hadi Kivinje

Niliwafundisha watoto wa watu habari za Kilwa kwa miaka ishirini na sita kabla sijaikanyaga. Nilikuwa na picha moja ya msikiti mkuu, niliyoikata kutoka katika kalenda, na ramani ya pwani niliyoichora mwenyewe kwa wino kwenye shuka kuukuu. Kwa vifaa hivyo viwili niliwapitisha wanafunzi wangu katika dhahabu ya Sofala, nguo za Bara Hindi na bakuli za China, na nathubutu kusema kwamba wengi wao walifaulu mtihani. Lakini mwalimu mwenyewe hakuwa amefika. Mshahara ulikuwa ule mnaoujua, watoto wanne, na nauli ya kwenda kutazama magofu haikuwa na nafasi katika hesabu za nyumba yetu.

Mwaka 1999 kitindamimba wetu akaenda chuoni. Mke wangu, ambaye kazi yake ilikuwa ukunga, alikuwa na siku nyingi za likizo zilizolimbikizwa. Jioni moja, huku akichambua mchele, akaniambia, "Mwalimu, hiyo Kilwa yako unayoiimba utaiona lini? Au unangoja tukupeleke ukiwa ndani ya jeneza?" Nikacheka, lakini usiku sikulala. Mwezi wa Julai, mvua zilipokwisha, tukafunga mizigo miwili midogo na kuondoka. Tulikubaliana jambo moja tu: kwamba hatutakuwa na haraka. Pale jua litakapotuchwea, ndipo tutakapolala.

Yanipasa kueleza sisi ni watu gani, maana bila hivyo yanayofuata hayataeleweka. Mimi ni mtu wa Pangani. Babu yangu mzaa baba alikuwa na shamba la miwa kando ya mto, na nyumbani kwetu jambo hilo lilitajwa kwa kichwa cha juu. Mke wangu ni mtu wa Masasi, Mkristo, mtoto wa misheni. Tulioana bomani mwaka 1974, na baadhi ya wazee wangu hawakuja. Walisema nimeoa mtu wa bara. Nilipomwuliza mke wangu wakati ule kwao hasa ni wapi, alijibu kwamba babu zao walikuja Masasi na misheni, wakitokea Unguja. Mimi, mwalimu wa historia, sikuuliza zaidi. Najiuliza hadi leo kwa nini sikuuliza.

Tulianzia Kaole, kama mwendo wa saa moja kwa miguu kusini ya Bagamoyo. Pana misikiti miwili iliyobomoka, mmoja ukiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Zamani nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za China zilizopachikwa katika chokaa. Kilichobaki ni vishimo vya mviringo, kama macho yaliyong'olewa. Bahari ambayo zamani ilifika karibu na mji imezibwa na mikoko. Bandari ikajaa tope, na biashara ikahamia Bagamoyo.

Hapo ndipo mke wangu alipoanza tabia yake, ambayo mwanzoni ilinichosha. Mimi nilikuwa nikisema habari za masultani na karne. Yeye alikuwa akipapasa ukuta. "Jiwe hili lilitoka wapi?" Nikamweleza, maana hilo nililijua. Jiwe la nyumba hizi ni tumbawe. Kuta hujengwa kwa tumbawe gumu lichimbwalo nchi kavu, lakini mihrabu na mapambo ya milango hutengenezwa kwa tumbawe laini linalokatwa likiwa bado hai chini ya maji. Likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, kisha likikauka juani huwa gumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo ya duara, hutiwa moto, na mawe yakishaiva huachwa yalowe kwa mvua na umande mpaka yawe unga. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba vyote vya pwani ya kale ni vyembamba. Nilipomaliza somo langu, mke wangu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na nani alikuwa akizama?" Nikasema, "Mafundi." Akatikisa kichwa, tukaendelea.

Bagamoyo yenyewe sitaieleza kwa urefu, maana wengi wameifika. Tuliona misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na kanisa dogo ambamo mwili wa Livingstone uliwekwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Mke wangu alisimama muda mrefu mbele ya picha za watoto waliokombolewa utumwani. Mimi nilidhani amechoka na jua.

Kutoka Dar es Salaam tulikwenda Kisiju kutafuta chombo cha kwenda Mafia. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, na nahodha, mzee mpole mwenye jicho moja, alikataa kabisa kutweka tanga. Tulingoja siku mbili. Tulilala katika nyumba ya mama lishe, tukala pweza wa nazi mara nne, na mke wangu akamzalisha binti wa jirani usiku wa pili. Siku ya tatu tulipoondoka, hakuna aliyekubali kupokea nauli yetu.

Mafia tulikaa siku tisa. Tulivuka kwenda Chole, kisiwa kidogo ambacho Wajerumani walikifanya makao yao ya utawala, na ambako popo wakubwa hulala wakining'inia mchana kutwa juu ya miembe kama nguo zilizoanikwa. Kutoka Chole mtumbwi ulituvusha hadi Juani, ambako yapo magofu ya Kua. Nimeona magofu mengi tangu siku ile, lakini hakuna yanayosikitisha kama yale. Nyumba kubwa ya masultani bado ina kuta za ghorofa, ngazi zinazopanda kuelekea mahali pasipo na kitu, na mizizi ya miti imezishika kuta kama vidole. Mji huu ulivamiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliotoka Madagaska kwa mitumbwi. Waliua, wakachoma moto, wakachukua watu mateka, na Kua haikuinuka tena.

Lakini wenyeji wakikuhadithia habari za Kua hawaanzi na Wasakalava. Wanaanza na merikebu. Wanasema watu wa Kua walijenga merikebu kubwa, wakawaalika watu wa Kisimani, mji mwingine wa Mafia, waje katika sherehe ya kuishusha majini. Badala ya magogo ya kuiviringishia, wakawalaza watoto wa Kisimani mchangani, na merikebu ikapita juu yao. Watu wa Kisimani hawakusema neno. Walingoja miaka hata jambo likasahauliwa, ndipo wakawaalika watu wa Kua harusini, katika chumba kizuri kilichochimbwa chini ya ardhi. Ngoma ilipokolea, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, mlango ukazibwa kwa mawe, na wageni wote wakaachwa humo. Kisimani yenyewe imemezwa na bahari. Wavuvi huokota vigae vyake ufukweni.

Mtu aliyetusimulia alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, naye aliisimulia kama jambo la juzi. Mimi nilimweleza mke wangu kwamba wanahistoria huichukulia hadithi hiyo kama kumbukumbu ya uhasama wa miji miwili, iliyotiwa chumvi. Akanikata: "Watoto kulazwa chini ya chombo, wewe unaita chumvi." Jioni hiyo hatukuzungumza sana.

Safari ya kusini ilikuwa ngumu. Msomaji anayesafiri leo kwa lami kutoka Dar es Salaam hadi Lindi hawezi kujua barabara ile ilikuwaje baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Basi letu lilikwama mara tatu. Pale Ndundu, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, watu walivuka Rufiji kwa pantoni, na siku ile pantoni ilikuwa mbovu. Tulilala kwenye mchanga kando ya mto, tukisikia viboko wakikoroma. Kesho yake tulipita Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale mwaka 1905, Majimaji ilipoanza. Nilimwomba dereva asimame dakika moja. Abiria walilalamika, lakini akasimama.

Hatimaye Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji, Kisiwani. Nilivuka kwa mashua nikiwa nimevaa shati langu la Idi. Usicheke, msomaji. Gereza linakupokea kwanza pale ufukweni. Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505 walipouteka mji, wakaondoka mwaka 1512, na jengo linaloonekana sasa zaidi ni kazi ya Waarabu wa Omani waliokuja baadaye. Kisha unapanda kidogo, na msikiti mkuu huo hapo. Nilikuwa na picha yake kwa robo karne, lakini picha haikunieleza kivuli chake. Ukiingia chini ya kuba zile, ukitazama safu za nguzo na matao yanayopokezana mwanga, unasikia baridi ya mawe usoni. Sehemu ya zamani kabisa ilijengwa mnamo karne ya 11 au ya 12, na ukumbi mkubwa ukaongezwa baadaye, Kilwa ilipokuwa inatawala biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala na kupiga sarafu zake yenyewe za shaba. Sarafu moja ya sultani Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali huko bara. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Tukatembea hadi Husuni Kubwa, juu ya genge linalotazama bahari. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pande nane, na jina la Hasan huyo huyo lilipatikana limechongwa katika jiwe humo. Tuliketi ukingoni mwa birika, na mimi nikaanza kusimulia habari niliyoipenda kuliko zote darasani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta sultani huyu, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizokuwa amezivaa mwilini. Sultani hakusita. Aliingia ndani, akabadili, akampa. Hapo ndipo nilipokuwa nikifunga kitabu kila mwaka na kuwauliza wanafunzi: kiongozi gani leo angefanya vile?

"Ikaishia hapo?" mke wangu akauliza.

Nikasema haikuishia hapo. Mwana wa sultani alizirudisha zile nguo, akampa fukara watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu jambo hilo, akaamuru apewe wengine kumi, pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

"Hao ishirini," akasema, "hukuwataja mbele ya watoto?"

Nikajibu kwamba muda wa kipindi ni dakika arobaini.

Hakukasirika. Alitazama bahari, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwa amelisema kwa miaka ishirini na mitano ya ndoa yetu. Bibi yake alikuwa akisema kwamba mama yake yeye alipokuwa mtoto alitembezwa kutoka upande wa ziwa Nyasa, siku nyingi asizoweza kuzihesabu. Akalala Kilwa katika nyumba isiyo na dirisha, yenye watu wengi, hata wengine walikuwa wanakojoleana. Kisha bahari, chini ya sitaha. Manowari ya Kiingereza ikalikamata jahazi lile, na mtoto akapelekwa kwa wamisheni Unguja, wakampa jina jipya. Mwaka 1876 Askofu Steere alipolipeleka bara kundi la watu waliokombolewa, akikusudia kufika nao Nyasa, wakaishia Masasi kwa kuwa nchi ilikuwa nzuri, mtoto yule alikuwamo, anaongozwa kwa mkono na mwanamke asiye mama yake. Kwao Masasi jambo hili halisemwi. "Tukilisema, watu watatuita watumwa," akasema. "Hata kwenu Pangani walikwisha kuniita."

Sikujua kwamba alisikia.

"Hiyo Kilwa siyo hii," nikamwambia, nikishika kile nilichokijua. Ni kweli. Kilwa ya karne ya 19, iliyopeleka watu Unguja, ni Kilwa Kivinje, kwenye nchi kavu, kaskazini ya hapa. Akasema, "Basi nipeleke huko."

Kivinje tulifika kwa gari la samaki. Ni mji wa nyumba ndefu zenye milango ya kuchongwa, nyingi zikiwa hazina paa, na boma la Wajerumani linatazama bahari likiwa tupu. Katika miaka ya 1860 bandari hii ilikadiriwa kusafirisha watu karibu 20,000 kwa mwaka. Mkataba wa mwezi wa Juni 1873, aliotia sahihi Sultani Barghash, ulipiga marufuku biashara hiyo baharini na kulifunga soko la Unguja. Lakini mkataba haukumfanya mtumwa aliyekwisha kuwa mtumwa awe huru. Unguja utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kwetu bara Wajerumani hawakuufuta kabisa. Walitoa tu amri mwaka 1904 kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 atakuwa huru. Aliyebaki alibaki mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Nilipoutaja mwaka huo pale Kivinje, ndipo nilipotambua kwamba baba yangu alikuwa kijana wa miaka kumi na miwili.

Tuliona Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Hassan bin Omari Makunganya na wenzake walinyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Pana mnara wa kumbukumbu, na ni haki yake. Mke wangu aliusoma, akauliza mnara wa wale wengine uko wapi. Nikasema sijauona.

Alasiri akakaa ufukweni karibu na bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Akamwamkia shikamoo, wakaulizana habari za watoto, za magoti, za bei ya mafuta ya taa. Kisha yule bibi akauliza lile swali ambalo kila mtu wa pwani huuliza: "Na kwenu wapi, mwanangu?" Nilimtazama mke wangu. Kwa kawaida angejibu Masasi.

"Bibi yetu alipita hapa," akasema. "Akiwa mtoto. Alipelekwa Unguja."

Yule bibi aliendelea kugeuza dagaa wake. Halafu akasema, polepole, "Wengine walipelekwa. Wengine walibaki, ndio sisi. Ila tukiulizwa tunasema Washirazi." Wote wawili wakacheka, kicheko cha wanawake ambacho mwanamume aliye karibu hujua hakimhusu. Alitufungia dagaa katika jani la mgomba, akakataa pesa.

Nilidhani safari imekwisha. Lakini tuliporudi Dar es Salaam, mke wangu alisema bado mji mmoja. Basi tukapanda gari la Tanga, na kutoka huko tukafika Pangani, ambako hatukuwa tumelala pamoja tangu mazishi ya baba yangu mwaka 1981. Shangazi yangu mkubwa alikuwa bado hai, mwanamke wa miaka themanini na zaidi, mkali na msafi. Usiku wa kwanza nilishindwa. Usiku wa pili, baada ya chakula, nikamwuliza shamba la babu lililimwa na nani.

"Maswali gani hayo, mwanangu," akasema. "Wote walikuwa watu wetu."

"Walilipwa, shangazi?"

Hakunijibu. Aliomba tasbihi yake, akaivuta mara kadhaa. Nami nikajua kwamba katika nyumba ile, mbele ya mke wangu, nimelianika jambo lisilorudi tena ndani. Nilingoja afoke. Badala yake asubuhi, kabla jua halijakaza, alimwita mke wangu, siyo mimi. Akamshika bega, wakatoka polepole kuelekea nyuma ya minazi, nami nikawafuata kwa mbali. Kule mwisho wa shamba, mbali na makaburi yetu yaliyojengewa, pana miinuko midogo ya ardhi isiyo na jiwe wala kibao. Shangazi alisimama kwenye mmoja, chini ya mkungu.

"Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni," akamwambia mke wangu. "Mpaka nikaweza kutembea. Alikuwa akiimba kwa lugha ya kwao, nikilala. Sikujua ni lugha gani. Hebu sikiliza."

Akaimba, kwa sauti nyembamba ya kizee, maneno machache ambayo mimi sikuyafahamu. Mke wangu aliinama asikie vizuri. Akamwomba arudie. Shangazi akarudia.

"Ni Kiyao," mke wangu akasema. "Bibi alikuwa anatuimbia."